JSON yenye ufunguo "from": Python inagoma kwenye dataclass

Swali
Habari wakuu. Napokea JSON yenye funguo `from`, `to` na `class`. Majina siwezi kuyabadilisha, yanatoka mfumo mwingine. Nikiandika `from: str` ndani ya dataclass yangu `Ujumbe` (darasa la Python la kubeba data) napata `SyntaxError: invalid syntax`, ila `to: str` inapita. Nifanyeje?

Jibu 1
`from` na `class` ni maneno yaliyotengwa na lugha yenyewe, `to` si mojawapo. Kosa linatokea Python inaposoma msimbo, kabla ya mstari wowote kutekelezwa, kwa hiyo `try` ndani ya faili hiyo haikusaidii. Desturi ya PEP 8 (mwongozo rasmi wa mtindo wa kuandika Python) ni kuongeza kistari cha chini mwishoni: `from_`, `class_`. Usiharibu tahajia kwa `klass` au `frm`, atakayesoma baadaye atahangaika bure.

Angalia mtego huu lakini: `Ujumbe(**data)` sasa itatoa `TypeError`, kwani data bado ina `from` na sehemu inaitwa `from_`. Geuza funguo kwanza:

```
import json, keyword

def rekebisha(d):
    return {k + "_" if keyword.iskeyword(k) else k: v
            for k, v in d.items()}

data = json.loads(matini, object_hook=rekebisha)
```

`object_hook` huitwa kwa kila kitu cha JSON, hata kilicho ndani ya kingine. Ukigeuza ngazi ya juu peke yake, `class` iliyofichika ndani itakusumbua.

Jibu 2
Na wakati wa kuirudisha data kwenye mfumo ule mwingine usikate `_` kwa kila jina. Jina halali linaloishia na `_` litaharibika. Kata pale tu `k.endswith("_") and keyword.iskeyword(k[:-1])`.

Kama tayari unatumia Pydantic 2 (maktaba ya kukagua data), ni rahisi zaidi: `from_: str = Field(alias="from")`, kisha `model_dump(by_alias=True)`. Ukisahau `by_alias`, upande wa pili utapokea `from_`.

Muulizaji
Asanteni, `object_hook` imemaliza tatizo. Je, `type` na `id` nazo niziongezee kistari?

Jibu 1
Hayo hayajatengwa, ni majina ya vitu vilivyojengewa ndani. Kama sehemu ya dataclass, `id: int` ni sawa kabisa. Hatari ni kuandika `list = [1, 2]` kisha kuita `list(x)`: utaambiwa `'list' object is not callable`, pengine mistari mingi mbali na chanzo. Nalo neno `async` lilitengwa rasmi kuanzia Python 3.7, kwa hiyo msimbo wa zamani wenye kigezo cha jina hilo hausomeki tena.