Filamu ya watoto ikiwa na tangazo la gemu ndani yake: mzazi aambiwe au asiambiwe?

Wadau, naleta hoja hii nikiwa na msimamo wangu tayari. Filamu ya familia inayotembeza bidhaa ya kampuni fulani mbele ya watoto iseme hivyo mwanzoni kabisa, kabla hata jina la filamu halijatokea, kwa maandishi ambayo mzazi aliyekaa na wanawe atayaona bila kutafuta miwani.

Kilichonisukuma ni Jumamosi iliyopita. Niliwawekea watoto filamu ya Kimarekani ya zamani, The Wizard, iliyotoka Desemba 1989. Kwa wasioijua: kijana anayeitwa Corey anamtorosha mdogo wake, Jimmy, kutoka kwenye kituo alikowekwa. Jimmy ni mtoto ambaye tangu pacha wake wa kike afe maji haongei, isipokuwa neno moja tu, California. Njiani wanakutana na msichana, Haley, wanagundua kwamba Jimmy akishika gemu hashikiki, na safari inageuka kuwa ya kwenda kwenye mashindano makubwa yenye zawadi ya dola 50,000. Wanapata na hasimu, Lucas, kijana mwenye majivuno ambaye naye anaelekea huko huko.

Sasa tazameni Lucas anavyoingizwa. Linafunguliwa sanduku, ndani imelala glavu ya kielektroniki, Power Glove, iliyotengenezwa na Mattel kwa ajili ya mashine ya Nintendo. Anaivaa polepole. Anakunja vidole, ananyoosha mkono, anaendesha gari kwenye gemu ya Rad Racer kana kwamba kashika usukani wa kweli, na wenzake wamekodoa macho. Mwanangu wa miaka saba, aliyekuwa amelala chali kwenye mkeka, aliinuka akakaa.

Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Glavu ile ilikuwa inauzwa madukani mwaka ule ule, na waliokuwa nayo wanasimulia hadi leo jinsi ilivyokuwa ngumu kuitumia: unapeleka mkono kushoto, gari linakwenda linakotaka. Gemu zilizotengenezwa mahususi kwa ajili yake zilikuwa mbili tu. Mtoto alionyeshwa uwezo ambao kitu chenyewe hakikuwa nao, tena kupitia hadithi, mahali ambapo hana sababu ya kujihadhari.

Kisha fainali. Pazia linafunguka, washindani watatu wanakabidhiwa gemu ambayo hakuna mtoto wa Marekani aliyekuwa nayo nyumbani: Super Mario Bros. 3. Huko Japani ilikuwa sokoni tangu Oktoba 1988. Marekani iliingia Februari 1990, miezi miwili baada ya filamu. Haley anamwelekeza Jimmy njia ya mkato kwa kupiga kelele, ukumbi unalipuka, na mtazamaji mdogo anatoka pale akiwa na hamu ya gemu na fununu za kuichezea kabla duka halijaipokea. Wahakiki wa wakati ule waliliona hilo, Roger Ebert akiwemo. Na miaka thelathini na zaidi baadaye mwanangu ananigeukia: "Baba, hiyo na sisi tunaweza kununua?"

Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, amenipinga vikali, na hoja zake si za kupuuza. Anasema huwezi kusimulia uhasama wa wacheza gemu kwa gemu za kubuni; mtoto atajua ni uongo na hadithi itapoa, kama filamu ya mpira ambayo mpira wenyewe ni katuni. Hapo namkubalia. Anasema pia kwamba kisa cha Jimmy kina uzito wake. Namkubalia zaidi. Mtoto aliyefungwa kinywa na msiba akapata mahali pa kuonekana, hilo lilinigusa, na mwishoni mke wangu alikuwa anafuta macho. Ndiyo maana sisemi filamu za namna hii zifungiwe, wala sisemi gemu zitolewe ndani yake.

Tunapogongana ni kwenye ilani. Yeye anauliza, "Mtoto asiyejua tangazo ni nini, maandishi yatamsaidia nini?" Swali zuri. Kikosi kazi cha chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilisema mwaka 2004 kwamba watoto walio chini ya miaka minane hawana uwezo wa kutambua kuwa tangazo lina nia ya kuwashawishi. Basi ilani si yake. Ni yangu mimi. Ningeiona, ningemwambia mapema, "Hiyo glavu utakayoiona, wenye kuiuza ndio wanaotaka uipende," na tungetazama kwa raha zetu.

Na msiniambie haiwezekani. Uingereza iliporuhusu bidhaa kuwekwa ndani ya vipindi vya televisheni kwa malipo, Februari 2011, iliweka alama ya herufi P kwenye kioo kuwajulisha watazamaji, na vipindi vya watoto ikavikatalia kabisa. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 1990, ilipima dakika za matangazo kwenye vipindi vya watoto: 10.5 kwa saa mwisho wa wiki, 12 siku za kazi. Lakini dakika hizo ni za matangazo yanayokatiza kipindi. Tangazo lililoshonwa ndani ya hadithi yenyewe unalipimaje kwa saa?

Kwetu hili linatugusa moja kwa moja, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanachotazama watoto kwenye ving'amuzi na simu imetengenezwa nje, na kinakuja kilivyo. Siku hizi hata filamu haihitajiki. Kijana anacheza gemu mtandaoni mbele ya kamera, mtoto anamtazama saa tatu, na nani kamlipa hujui.

Mnaopinga karibuni, lakini naomba mnijibu hili kwanza: mzazi wa mwaka 1989 aliyetoka sinema na mwanawe, akaenda dukani akainunua ile glavu kwa sababu ya alichokiona mkononi mwa Lucas, alitendewa haki?