Mhubiri mgeni anakuja tena na nimeambiwa nikae safu ya mbele. Nikatae vipi?

Fundi Kabwe (mleta mada)
Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Niko Mbeya mjini, fundi simu. Polio ilinipata utotoni, mguu wa kushoto ukabaki mwembamba, natembea kwa magongo mawili. Kwaya naimba besi na zaka natoa, kwa hiyo tafadhali msinianzie na "huna imani".

Mwaka jana kanisani kwetu (dhehebu silitaji) tulikuwa na mkutano wa injili uwanjani. Mhubiri mgeni akaniona toka jukwaani: "Wewe kijana wa magongo, njoo!" Wahudumu wakanishika kwapani, magongo akapewa shemasi, akayainua juu kama kombe la ligi. Kinanda kikapanda, vigelegele kila kona. Nikasogea kidogo, yaani wale jamaa ndio walionisogeza, mguu ulikuwa unaburuta majani. Ikatangazwa nimepona. Watu walipotawanyika nilibaki nyuma ya jukwaa nimeegemea jenereta, mpaka mwanakwaya mwenzangu alipoyakuta magongo chini ya turubai, moja limeshang'oka mpira wa chini. Nani anajua kutembea na gongo lisilo na mpira juu ya vigae? Kesho yake mteja kanikuta kibandani: "He, kumbe Shetani amekurudishia?"

Sasa huyo mhubiri anakuja tena wiki ijayo. Mchungaji wetu, ambaye ni mtu mwema kwelikweli, kaniambia nikae mbele. Na mama yangu anafunga kila Jumatano kwa ajili ya mguu huu tangu niko mdogo. Nikikataa itaonekana nimemkatalia Mungu na mama kwa mpigo. Lakini mimi siumwi! Nimwambieje mchungaji?

mama_Upendo
Pole kaka yangu. Ila usimzibie Mungu njia. Mimi niliombewa nikapona, siwezi kunyamaza. Nenda tu, saa yake huijui.

Fundi Kabwe
Dada, maombi sijakataa. Niombee hata sasa hivi ukiwa hapo ulipo. Nachokataa ni kunyang'anywa magongo mbele za watu.

Kiroboto wa Soweto
Waambie polio haina "reverse", gari lilishatoka kiwandani hivyo 😂

Mwalimu Kalenga
Kamwene. Nilisoma theolojia hapa Iringa, ngoja nikupe vifungu uende navyo.

Kwanza Marko 10. Bartimayo ni kipofu, kila mtu anaona ni kipofu, na bado Yesu anamuuliza anataka afanyiwe nini. Hakudhani. Wewe mwaka jana aliyekuuliza ni nani?

Pili, Marko 7. Yule kiziwi mwenye utasi, Yesu alimtoa kwenye umati akamtenga kando kwanza. Wahubiri wetu wanafanya kinyume chake, wanamtoa mtu kando wanamleta kwenye umati. Hiki kifungu mpe mchungaji asome mwenyewe, usimsomee.

Na wakikuambia imani yako ndogo, wapeleke Marko 2, yule aliyepooza akashushwa kwa kutoboa dari. Imeandikwa Yesu aliiona imani *yao*, wale waliombeba. Kwa hiyo kama hujapona, waanze kuwahoji waliokushika kwapani.

Yohana 9 unaijua, yule kipofu tangu kuzaliwa, ya kwamba si yeye aliyetenda dhambi wala wazazi wake. Hiyo mpe mama. Wazazi wengi wanaofunga miaka yote hiyo hawafungi kwa ajili ya mguu. Kuna mtu aliwaambia zamani kwamba kosa ni lao.

Tena Kristo aliyefufuka alimwonyesha Tomaso mikono yenye makovu. Nancy Eiesland, mwanatheolojia Mmarekani aliyezaliwa na tatizo la mifupa, aliandika juu ya hilo mwaka 1994. Mwili wa utukufu, na alama zipo. Mimi darasani siku hiyo nilikosa usingizi.

mama_Upendo
Mwalimu, Biblia hiyohiyo imejaa viwete waliotembea. Usichague vifungu.

Mwalimu Kalenga
Kweli imejaa, sijapinga. Na Mefiboshethi naye yumo, alikula mezani pa Daudi siku zote na miguu yake yote miwili haikupona. Hakuna aliyemwambia apone kwanza ndipo ale.

Abuu Rujewa
Mimi Mwislamu, napita tu. Kwetu Abdullah ibn Umm Maktum alikuwa kipofu, akawa muadhini wa Mtume, na Mtume akisafiri alikuwa akimwachia Madina. Sura Abasa ilishuka kwa sababu yake. Hakufunguliwa macho ndipo apewe kazi. Ila na sisi tusijisifu, misikiti mingi ngazi ni zilezile.

Mazoezi Tiba
Niongeze la kitaalamu. Polio inaua seli za neva kwenye uti wa mgongo zinazoendesha misuli, na seli hizo hazioti upya. Misuli iliyosalia inafanya kazi ya ziada miaka yote, na ukubwani huweza kuanza kuchoka upya. Anayekunyang'anya magongo anakuweka kwenye hatari ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Mwambie mchungaji hivyo hivyo bila kumung'unya. Na mpira wa gongo badilisha ukianza kulika, usisubiri ung'oke.

Fundi Kabwe
Nimewasoma wote, ndaga fijo. Mwalimu, hiyo ya mama imenigusa pabaya. Bibi mzaa baba alikuwa akisema maneno. Mama nitaongea naye mwenyewe, mchungaji baadaye. Je mchungaji akisema "kaa tu mbele, hawatakugusa"?

Msafiri Makambako
Usikubali, jukwaani mchungaji wako hana usukani. Wewe si fundi? Omba zamu ya mitambo. Kaa pale kwenye mikisa na nyaya zako. Hakuna mhubiri atakayemwita fundi sauti mbele katikati ya mahubiri, maiki ikizima atapigia nani kelele?