Vinyago alivyojikusanyia Picasso: alinunua, kwa hiyo ndo yameisha?

Mleta mada: Wakuu, mchoraji Picasso aliingia makumbusho ya Trocadéro pale Paris mwaka 1907 akakutana na vinyago vya Afrika, akaanza kununua vya kwake kimoja kimoja mpaka anafariki 1973 bado anavyo, na bara lenyewe hajawahi kulikanyaga. Vingine sasa viko kwenye makumbusho yenye jina lake. Virudi au visirudi? Mi naona hili la "kaiba au kanunua" linatuchelewesha tu. Mchoraji Matisse, aliyekuwa rafiki na mpinzani wake, 1906 alinunua kisanamu cha Wavili wa Kongo dukani hapohapo Paris, faranga 50, ndo kile alichomwonyesha Picasso. Haya kanunua, ila faranga 50 kala mwenye duka, aliyechonga kapata nini?

Mdau 1: Sasa unataka kumbebesha mnunuzi kosa la muuzaji? Mtalii akinunua kinyago pale soko la vinyago Mwenge, Dar leo, mjukuu wako aje amdai? Tena vingebaki kijijini vingi mchwa wangevimaliza, vingine wamisionari walishavichoma. Huyu jamaa aliviona sanaa wakati wenzake wanaviita ushenzi.

Mleta mada: Mwenge fundi mwenyewe anataja bei, ukigeuka kuondoka anakuita anakupunguzia. Kongo ya 1906, upande wa Mfaransa na upande wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kote watu wanasukumwa porini kugema mpira kwa lazima, nani alikuwa na nafasi ya kupatana bei?

Mdau 2: Mi kurudi sio ishu, kinachoniuma ni maelezo ya ukutani. Kicheki kinyago cha Wagrebo, wa huko Liberia na Ivory Coast, alichokuwa nacho Picasso, uso ni ubao bapa halafu macho yametokeza mbele kama mirija. Kisha angalia gitaa alilounda kwa makaratasi 1912, lile tundu la katikati ambalo kwenye gitaa yoyote limeingia ndani yeye kalitoa nje kama kipande cha bomba. Si lile jicho jamani! Picasso akaitwa mtu wa kipaji cha ajabu, fundi wetu kaandikwa "hajulikani".

Mdau 3: Kurudi kunawezekana mbona. Kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa Dar 1984, kikaja kununuliwa na makumbusho binafsi ya Geneva, na 2010 tukarudishiwa. Na wao walinunua, eti.

Mdau 1: Kile wizi wake unajulikana mpaka mwaka. Cha Wagrebo utampelekea nani, kijiji gani?

Mleta mada: Hapo ndo napopataka. Jina la kijiji walilipoteza wao halafu tunaulizwa sisi. Ufaransa hukohuko kuna wazee wawili, mtu na mkewe, waliuza kinyago cha Wafang wa Gabon kwa euro 150, mnunuzi akachimba historia yake mpaka ikajulikana kilitoka Gabon na gavana wa kikoloni, 2022 kikapigwa mnada euro milioni 4.2. Gabon ikaingia mahakamani kukidai, Desemba 2023 ikaambulia patupu. Kumbe karatasi zipo na watu wanajua pa kuzitafuta. Mdau 1, za vinyago vya Picasso ni nani kazuiwa kuzitafuta?