Ndevu kidevuni, utosini nywele zaisha: naomba ushauri

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Majengo, Mombasa, nina miaka 29 na posa imeshaletwa nyumbani. Tangu nina miaka 20 ndevu zimeniota kidevuni, nyeusi na ngumu. Kila asubuhi nakaa dirishani na kioo na kibano, nikimaliza ngozi yote imewaka vidoti vyekundu. Huku utosini njia ya nywele imepanuka hata ngozi yaonekana. Binamu yangu juzi akinisuka alinyamaza ghafla, nikajua ameona.

Hedhi hunijia baada ya miezi 2 au 3. Nimepimwa, daktari akasema ovari zina vifuko vingi na homoni ya kiume iko juu. Ameniandikia vidonge vya kupanga uzazi pamoja na spironolaktoni, miligramu 100 kwa siku. Muuza dawa akanishtua, eti hiyo ni ya presha! Nikarudi kwa daktari. Akaeleza kwamba pia huzuia homoni ya kiume isifanye kazi kwenye shina la nywele, nisitarajie kitu kabla ya miezi 6, nipimwe madini ya potasiamu kwenye damu, na nisishike mimba nikiimeza, kwani yaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Hapo ndipo nilipokwama. Harusi ikipita tu nitaulizwa mtoto. Aliyeitumia spironolaktoni kisha akaacha, ndevu zilirudi? Alikaa muda gani kabla ya kushika mimba? Na minoksidili, ile dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, imemsaidia nani utosini? Mama ashikilia sukari na ndimu, nami nimechoka kung'olewa. Mchumba je, nimwambie kabla ya nikaha?