MREJESHO: Kubadilisha taa za dari, sebuleni tayari, jikoni bado

Habari wakuu. Niliuliza namna ya kubadilisha taa za dari, sebuleni na jikoni, bila kupigwa shoti. Asanteni sana kwa michango yenu.

Nilizima umeme kwenye meni swichi badala ya kutegemea swichi ya ukutani, kisha nikapima kila waya kwa tesita ambayo nilikuwa nimeijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme. Aliyesisitiza hilo, ubarikiwe. Ushauri wa kupiga picha kabla ya kufungua nao umenisaidia mno: darini kulikuwa na nyaya mbili nyekundu ndani ya konekta (kiunganishi cha nyaya) moja, zinazopeleka umeme kwenye taa nyingine, na ni rahisi kuzichanganya na ule unaotoka kwenye swichi. Taa mpya ni ya chuma, hivyo waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini ukivuja) nimeufunga kwenye skrubu yake. Inawaka vizuri.

Jikoni imeshindikana. Ganda la nyaya limekaushwa na joto la balbu ya zamani, ukiligusa tu linamegeka. Nimeziba ncha kwa konekta, breka ya jikoni nimeiacha imezimwa, na fundi mwenye leseni atakuja kuvuta nyaya mpya.