Mrejesho: kuupeleka muziki wetu wa Lubumbashi nje ya nchi

Bandugu, miezi nane iliyopita niliwauliza kundi letu la magitaa lifanyeje lisikike ng'ambo na lilipwe. Wengi mlinijibu: kabla ya kutafuta tamasha, wekeni karatasi sawa. Nilikasirika, maana nilitaka namba ya promota. Mlisema kweli.

Tulikaa siku mbili uani kwa mzee wetu wa gitaa la solo, tukaandika kila wimbo: nani alitunga, nani alipiga, nani anapata asilimia ngapi. Wimbo mmoja tunaouita “wetu” ulikuwa na watunzi watatu, na mmoja alishafariki. Tulimfuata mjane wake, tukamsomea karatasi yote, akatia sahihi kwa ajili ya watoto. Naumia nikifikiri tungeuuza bila yeye.

Kisha kila rekodi ikapata msimbo wake wa ISRC, yaani utambulisho wa kimataifa wa rekodi, wa herufi na tarakimu 12. Ya studio na ya jukwaani ni mbili tofauti, hata kama wimbo ni uleule. Watunzi wameanza kujiandikisha SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo, kwani haki ya utunzi hulipwa mbali na ya rekodi.

Tamasha tuliloomba lilitukatalia. Lakini tulivuka mpaka wa Kasumbalesa, tukapiga Kitwe, Zambia, usiku mbili, tukalipwa! Orodha ya vyombo, yenye namba ya kila gitaa na muhuri wa forodha, ndiyo ilitusaidia kurudi navyo bila maneno.

Sasa naomba tena: nani ameshawahi kuombea bendi nzima visa ya Ufaransa akiwa huku Katanga?