Naomba ushauri: kwaya inaimba, waamini wananyamaza

Tumsifu Yesu Kristo. Kwaya yetu inaimba vizuri sauti zote nne, ila waamini wamebaki kusikiliza tu, hata kwenye Mtakatifu, ambao ni wa kusanyiko zima pamoja na padre. Musicam Sacram (1967), hati ya Kanisa Katoliki kuhusu muziki wa liturujia, haikubali kwaya kuimba Misa nzima peke yake huku waamini wakiachwa nje kabisa.

Kwa ninavyoona, kikwazo kikubwa ni nyimbo kuanzishwa juu mno. Sauti ya kwanza ikipanda hadi noti ya F au G, asiye na mazoezi ananyamaza. Nafikiria kushusha nyimbo za kusanyiko noti ya juu kabisa isizidi D, viitikio viimbwe kwa sauti moja, na kinanda kipige mstari wa mwisho kabla ya kuanza, maana watu hawajui waingilie wapi. Tena Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo visibadilishwe kila Jumapili. Vikae miezi miwili hadi vizoeleke. Sauti nne zibaki kwenye matoleo na baada ya komunyo.

Nimekwama kwenye zaburi, kwa kuwa kiitikio chake hubadilika kila wiki. Kifundishwe kabla ya Misa, au inatosha mwimbaji akiimbe kwanza, watu warudie?